Mzee Akiitwa Kutolewa Nyama ya Tezi Dume, Ulizeni Ganzi

Leo tuzungumzie jambo ambalo wanaume wengi hulinyamazia, na mara nyingi ni sisi wanawake tunaoachiwa barua ya daktari tuisome.

Barua inasema mzee atolewe vipande vya nyama kwenye tezi dume, vikapimwe kama vina saratani. Labda kipimo cha damu kiitwacho PSA kimepanda. Damu peke yake haithibitishi saratani, kwa kuwa PSA hupanda pia tezi ikikua kwa uzee au ikiingiwa na viini. Ndiyo maana nyama hutakikana.

Katika eneo ninakofanya kazi kuna mzee aliyetolewa nyama hiyo bila ganzi yoyote. Alirudi nyumbani kimya. Alipoambiwa arudie kipimo, alisema heri afe na tezi yake. Mkewe alinijia akilia. Mimi sikumlaumu mzee.

Mama, unakumbuka ulipojifungua ukachanika, mkunga akakudunga sindano kabla ya kukushona? Ilichoma kidogo, kisha pakafa ganzi, ukasikia uzi ukivutwa tu. Dawa ile ni lignokeini, na ndiyo hiyo hiyo hutumiwa kwenye tezi dume. Si jambo geni. Madaktari wa Marekani waliandika kuhusu njia hii mwaka wa 1996.

Mara nyingi mzee hulala kwa ubavu, amekunja magoti. Daktari hupitisha katika njia ya haja kubwa kifaa cha picha, jamaa ya kile kinachomtazama mtoto tumboni. Akiiona tezi, hudunga ganzi kando yake, kulia na kushoto, mahali mishipa ya fahamu inapopita. Mililita 10 hivi hutosha. Husubiri dakika chache ndipo atoe vipande 10 au 12, vyembamba kama uzi. Jeli ya ganzi ikipakwa peke yake husaidia kifaa kuingia, lakini haiifikii mishipa ile. Siku hizi wengine hupitisha sindano kwenye ngozi iliyo nyuma ya korodani. Hapo ngozi nayo hudungwa ganzi.

Sitakudanganya kwamba hatasikia kitu. Atasikia kusukumwa, na sindano hufyatuka kwa mlio mkali. Mwambieni mapema kuhusu mlio huo asije akaruka.

Basi kabla ya siku yenyewe, ulizeni: "Daktari, mtamdunga ganzi kando ya tezi?" Kama wewe ni mkaza mwana na unamstahi baba mkwe, mtume mumeo au shemeji. Mweleze daktari kama mzee aliwahi kudhurika kwa sindano ya ganzi, hata ya jino, na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Akipewa dawa za kuua viini, azimeze jinsi alivyoagizwa.

Yule mzee wetu alikubali kurudi baada ya mkewe kuuliza swali hilo na kujibiwa ndiyo. Alipotoka alilalamikia mlio tu.

Nyumbani, msishtuke mkiona damu kidogo kwenye mkojo au choo kwa siku chache. Kwenye manii inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, na hili mke alijue mapema, maana nimeona ndoa ikitikiswa na jambo hili. Lakini akipata homa au kutetemeka kwa baridi, akishindwa kukojoa, au damu ikitoka kwa wingi na mabonge, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Msimpe panadoli mkangoja kliniki ya Jumatatu.