Shahada ya Ng'ambo na Mizani ya Haki

Hakuna mkulima wa karafuu kisiwani Pemba asiyejua maana ya daraja. Karafuu zikishachumwa, zikachambuliwa na kuanikwa juani mpaka zikakauka, hupelekwa katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Huko hutazamwa ukavu wake, rangi yake, na kiasi cha makonyo na takataka kilichomo. Kisha hutiwa katika daraja, na kila daraja lina bei yake iliyotangazwa. Mkulima huenda akanung'unika juu ya bei, lakini hawezi kusema kwamba hakukijua kipimo. Alikijua tangu siku aliyotandika jamvi lake.

Mtoto wa mkulima huyo huyo, aliyesomeshwa ng'ambo kwa fedha za karafuu hizo, mara nyingi hana bahati kama ya baba yake. Hurudi na shahada iliyoandikwa kwa Kiarabu, Kirusi, Kichina au Kituruki, akaipeleka ofisini, akaambiwa asubiri itathminiwe. Hajui inapimwa kwa kipimo gani, wala nani anaipima, wala jibu litatoka lini. Na akiondoka kwenda kutafuta kazi Maskati, London au Toronto, shahada hiyo hupimwa upya na watu wengine kwa mizani nyingine. Jambo hili linahusu riziki za watu, na kwa hiyo halifai kuachwa mikononi mwa makarani peke yao.

Kwanza ieleweke tathmini ya shahada ni kitu gani. Anayetathmini huuliza maswali matatu. Je, cheti hiki ni cha kweli, na aliyetajwa ndani yake ndiye mwenye kukishika? Je, chuo kilichokitoa kinatambuliwa na Serikali ya nchi yake? Na je, masomo hayo yanalingana na ngazi ipi ya elimu hapa nchini: stashahada, shahada ya kwanza, ya uzamili, au ya uzamivu? Maswali hayo yakishajibiwa, liko la nne linaloulizwa na watu wengine kabisa, yaani mabaraza ya taaluma: je, mtu huyu anaruhusiwa kutibu wagonjwa, kujenga madaraja, au kusimama mahakamani? Kutambuliwa kwa shahada ni jambo moja, na kusajiliwa katika taaluma ni jambo jingine. Vijana wengi huumia kwa sababu hawakuelezwa mapema kwamba milango ni miwili.

Hapana budi kukiri kwamba ukaguzi ni wa lazima. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Mtu anayeingia hospitali au darasani kwa cheti cha uongo humwibia mgonjwa na mwanafunzi. Duniani nako wamezuka wauzaji wa shahada za hewa, wenye majina ya vyuo yanayopendeza masikioni, lakini hawana jengo, maktaba wala mwalimu. Mwenye shahada ya haki ndiye wa kwanza kunufaika pale bandia inapong'olewa.

Lakini ukaguzi una historia yake, na historia hiyo si safi. Wakati wa ukoloni mitihani ya sekondari ya Afrika Mashariki ilitungwa na kusahihishwa Cambridge. Chuo cha Makerere, tangu 1949, kilikuwa kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilianza katika utaratibu huo huo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisimama peke yake mwaka 1970, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa mwaka 1973. Watu waliozoeshwa muda mrefu kwamba elimu ya kweli ina muhuri wa Uingereza walibaki na kasumba hiyo hata baada ya bendera kubadilika. Shahada ya London ilipokewa kwa mikono miwili, na ya Moscow au ya Khartoum ikageuzwa-geuzwa kama samaki aliyelala.

Pemba na Unguja zinalielewa jambo hili vizuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vijana wa Zanzibar walipelekwa kusoma Urusi ya Kisovieti, Ujerumani Mashariki, China na nchi nyingine za kisoshalisti. Wengine wakaelekea Misri, Sudan na Saudi Arabia. Baadhi ya nchi hizo leo hazipo katika ramani. Ujerumani Mashariki iliungana na Ujerumani Magharibi mwaka 1990, na Muungano wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991. Chuo cha Patrice Lumumba cha Moscow, kilichofunguliwa mwaka 1960, kiliondolewa jina la Lumumba mwaka 1992 na kurudishiwa mwaka 2023. Chuo Kikuu cha Karl Marx cha Leipzig kilirudia jina lake la zamani la Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 1991. Karani anayetafuta jina la chuo katika orodha ya leo asilione, akaandika kwamba chuo hakijulikani, humhukumu mtu kwa kosa la historia.

Alama nazo zina lugha yake. Ujerumani alama 1 ndiyo ya juu kabisa, na 5 ni kushindwa. Urusi 5 ndiyo ya juu. Vyuo vya nchi za Kiarabu huandika mumtazi, jayyid jiddan, jayyid na makbuli. Anayezisoma alama hizi kwa macho ya Cambridge anaweza kumgeuza mwanafunzi hodari kuwa mzembe, na mzembe kuwa hodari.

Kisha liko suala la majina, ambalo kwa Wapemba ni zito. Mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis Abdalla Faki. Chuo cha Kiarabu kikaliandika jina hilo kwa herufi zake, na mfasiri alipolirudisha kwa herufi za Kirumi likawa Khamees Abdullah Faqi. Pasipoti nayo imelifanya jina la babu kuwa la ukoo. Machoni mwa mtathmini hao ni watu watatu. Mambo madogo kama haya hukwamisha maisha ya mtu kwa miezi, nayo yangeweza kuzuiwa siku ya kwanza ya kujiandikisha chuoni, kwa mwanafunzi kushikilia kwamba jina lake liandikwe kama lilivyo katika pasipoti.

Kwa upande wa utaratibu wa nyumbani, elimu ya juu ni jambo la Muungano. Shahada za nje hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2005 na kurithi shughuli za Baraza la Ithibati lililokuwapo kabla yake. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani. Lakini afya si jambo la Muungano, na kwa hiyo daktari anayetaka kutibu Chake Chake au Wete husajiliwa na baraza la Zanzibar lenyewe. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo ina utumishi wake. Kwa hiyo kijana wa Micheweni hukabiliwa na ofisi kadhaa, nyingine ng'ambo ya bahari. Maombi kwa njia ya mtandao yamepunguza safari, lakini likitokea tatizo la waraka au la jina, mtu wa Pemba bado huanza kuhesabu nauli ya meli kutoka Mkoani mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam.

Na wala isidhaniwe kwamba Pemba haijui faida ya elimu ya wageni. Tangu 1964 madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakitumwa Zanzibar kwa zamu, na Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani inawajua vizuri. Serikali mbili zilikubaliana, nyaraka zikapelekwa kabla ya watu, na daktari akafika akaanza kazi. Kinachowezekana kwa daktari mgeni hapana budi kiwezekane kwa mtoto wa Mkoani aliyesoma udaktari huko huko China. Apimwe, atahiniwe, asimamiwe katika mazoezi. Lakini asiachwe barazani wakati wodi zina upungufu wa madaktari.

Wanaohama nao wana mitihani yao. Mwaka 1970 Oman ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, na Waswahili wenye elimu waliokwenda huko walipokewa kwa haja. Siku hizo zimepita. Leo shahada ya nje hupaswa kulinganishwa rasmi na wizara husika kabla haijatumika. Uingereza, shughuli hiyo hufanywa na UK ENIC. Canada, tangu 2013, mfanyakazi mwenye ujuzi anayeomba ukaazi kwa elimu aliyoipata nje hutakiwa kuleta taarifa ya tathmini ya elimu hiyo kutoka shirika lililoidhinishwa. Hata hivyo taarifa hiyo haimpi daktari ruhusa ya kutibu, na ndiyo maana wasomi wengi wahamiaji wameonekana wakiendesha teksi mijini huko. Jimbo la Ontario lilitunga sheria mwaka 2006 ya kuyataka mabaraza ya taaluma yawe na taratibu za wazi na za haki. Ujerumani ilitunga sheria iliyoanza kutumika Aprili 2012, inayompa mtu haki ya kupimwa ujuzi wake, na kwa kawaida jibu litoke katika muda wa miezi mitatu tangu nyaraka zikamilike. Hapo kuna funzo: muda ukiandikwa katika sheria, umangimeza hupungua.

Liko pia fungu la watu ambao vyeti vyao vimeliwa na vita. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, Tanzania iliwarudisha nyumbani raia wake, wengi wao wanafunzi, kwa kupitia Ethiopia. Wapo waliokuwa karibu kumaliza masomo. Vyuo vilifungwa na kuharibiwa, na msajili wa kuandikiwa barua hakuwapo mezani kwake. Kumwambia mtu wa namna hiyo alete uthibitisho kutoka chuoni ni kumtuma akachote maji kwa pakacha. Njia nyingine ipo. UNESCO imeandaa hati maalumu ya elimu kwa wakimbizi na watu waliopoteza nyaraka: mtu huhojiwa na wataalamu, vipande vya ushahidi alivyonavyo huchunguzwa, na ngazi yake hukadiriwa. Jirani zetu wa Zambia walianza kuitumia hati hiyo mwaka 2019. Njia kama hiyo yafaa kwa aliyekimbia Khartoum akiwa na picha ya matokeo katika simu tu.

Afrika haikulala katika jambo hili. Mkataba wa kwanza wa Bara zima wa kutambuliana shahada ulipitishwa hapa hapa Tanzania, mjini Arusha, mwezi Desemba 1981. Uliandikwa upya Addis Ababa mwaka 2014, na mkataba huo mpya ukaanza kutumika Desemba 2019. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Jumuiya hiyo kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kanuni inayoongoza mikataba mipya ni hii: shahada ya nje itambuliwe, ila mtathmini atakapoonyesha tofauti kubwa ya msingi. Mzigo wa kuonyesha tofauti hiyo uko juu ya ofisi. Mwombaji akikataliwa, aelezwe sababu na apewe nafasi ya kukata rufaa. Mikataba iliyotiwa saini katika kumbi za fahari haimfai mtu wa Konde mpaka ishuke hadi dirisha anaposimama na bahasha yake.

Ndugu wananchi, yako mambo ya kutendwa na kila upande. Ofisi zinazotathmini zitangaze vipimo kwa Kiswahili fasaha, zitaje muda wa jibu, na ziwe na mtu Pemba wa kupokea na kukagua nyaraka, ili makosa ya majina yamalizwe Chake Chake. Waajiri wasimnyime mtu nafasi kwa kutolijua jina la chuo, waulize wanaojua.

Wazazi na vijana nao wana wajibu. Kabla ya kukodisha mikarafuu ili kulipa karo, chuo kichunguzwe. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na kuiomba mapema ni kinga. Wakala anayesifu chuo kwa picha za majumba aulizwe kama yeye mwenyewe anatambulika. Na mwanafunzi akimaliza, asirudi na cheti peke yake. Arudi na orodha ya masomo na alama, maelezo ya mitaala, na tafsiri zilizothibitishwa, angali karibu na chuo chake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali.

Mkulima hakatai mizani. Anachokitaka ni kuiona ikisimama sawa, mbele ya macho yake, na kulipwa karafuu zikiwa bado karafuu. Kijana akisubiri miaka mitatu, ujuzi wake huingia ukungu kama mzigo uliofungwa mbichi, na hapo hasara si yake peke yake. Ni hasara ya mgonjwa wa Mkoani, ya mwanafunzi wa Wete, na ya mama aliyeuza karafuu zake akitumaini kumwona mwanawe kazini.