Kabla ya Kujisajili Somo la Hisabati

Msikilizaji, kama mwanao anasoma hisabati chuo kikuu, au wewe mwenyewe unasoma, shika hili: kila somo linategemea lililotangulia.

Kwa kawaida kalkulasi hutangulia. Milinganyo ya mabadiliko hufuata, ile ambayo wahandisi huitumia kukokotoa joto, umeme na mtetemo wa daraja. Bila kalkulasi, somo hilo halisomeki.

Tazama mwanafunzi wa kalkulasi aliyepewa swali la kutafuta eneo chini ya mchoro. Fomula ya mchoro ni moja gawanya kwa eksi mraba kutoa moja. Anakwama. Mara nyingi kinachomkwamisha si kalkulasi. Amesahau kwamba eksi mraba kutoa moja ni eksi kutoa moja, mara eksi kujumlisha moja. Hiyo ni aljebra ya sekondari! Akiikumbuka, swali gumu linagawanyika kuwa mawili mepesi.

Baadaye huja uchambuzi, somo linalothibitisha kwa nini kalkulasi ni sahihi. Wengi hushtuka hapo, na si ajabu. Newton na Leibniz walivumbua kalkulasi zaidi ya karne moja kabla ya Mfaransa Cauchy kuandika misingi yake, mwaka 1821.

Narudia: kila somo linategemea lililotangulia. Kabla ya kujisajili, soma mwongozo wa chuo uone masharti ya somo. Fanya tena maswali ya mtihani uliopita. Ukikwama, mwone mhadhiri wiki ya kwanza, usisubiri mtihani.