Tombola ya Mabati



Jumapili moja, baada ya ibada, nilisimama kiwanjani hapa Rwambuzi, mtaa wa Bunia, nikitazama tombola ikichezeshwa. Mezani palikuwa na beseni la bati lililojaa vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, na kando yake mfuko wa mchele, vikwembe viwili na redio ndogo. Na mbuzi, ambaye ndiye zawadi ya kwanza, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Binti wa miaka saba hivi alifungwa leso machoni, akatia mkono, akatoa namba, na mama mmoja muuza mihogo akapiga kigelegele hata watu wa barabarani wakasimama. Kila tikiti iliuzwa kwa franka 1,000, na fedha zote, ghairi ya zile zilizonunulia zawadi, zilikusudiwa mabati ya kuezekea darasa ambalo watoto hulikimbia kila mawingu yanapotanda.

Wiki iliyofuata akaja mtu aliyejitambulisha kuwa ametumwa na ofisi fulani, akadai ada ya mchezo wa bahati. Kamati iliyochezesha tombola, ambayo haikujua kama anayo haki au hana, ikamhesabia sehemu ya fedha za mabati, naye akaondoka bila ya kuacha risiti. Jambo hili liliniuma, na linaniuma hata sasa, kwa sababu wazee wale wa kamati hawakukataa kutii sheria. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha sheria yenyewe ilipo.

Nchi yetu inalo shirika la taifa la bahati nasibu, SONAL, lililoundwa tangu zama za Zaire, lenye makao yake Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Iko pia sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayoeleza namna mashirika yasiyotafuta faida yanavyopata hadhi ya kisheria. Lakini kamati ya watu saba waliokutana kwa ajili ya paa moja si shirika, na paa likiisha kuezekwa kila mmoja hurejea shughulini kwake. Juu ya hayo, tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu la Ituri limo katika utawala wa dharura wa kijeshi, ambamo maofisa wa jeshi na polisi walishika nafasi za viongozi wa kiraia, wakapewa na uwezo wa kukataza mikutano. Kwa hiyo hata kuwakusanya watu kuzunguka beseni la vikaratasi ni jambo ambalo mwenye busara hulitolea taarifa kwanza.

Hata hivyo, kuchangisha fedha kwa kura si uzushi wa watu wa Rwambuzi. Mwaka 1934, hazina ya koloni la Kongo ilipokuwa imedhoofishwa na mdororo wa uchumi uliozikumba nchi nyingi, Ubelgiji ilianzisha Bahati Nasibu ya Koloni, na tikiti zikauzwa kwa jina la nchi hii hii yetu. Mwaka huo huo wa 1934 Waingereza nao walitunga sheria kali ya kamari na bahati nasibu, lakini ndani yake wakaziachia nafasi zile kura ndogo zinazochezwa katika sherehe na masoko ya hisani, madhali hakuna mtu anayejitajirisha kwazo. Na sheria yao ya 2005 imekwenda mbele zaidi: chama kidogo hujiandikisha kwa baraza la mji wake, mauzo ya kura moja yasizidi pauni 20,000, walau asilimia 20 iende kwenye kusudi lililotangazwa, na hesabu irudishwe kwa baraza lile lile.

Najua wako wanaosema kwamba kura yoyote ya fedha ni kamari, na wanaoikataa kwa ajili ya dini yao nawaheshimu. Najua pia kwamba wapo matapeli waliouza tikiti za pikipiki isiyokuwapo, kisha wakatoweka. Mjane aliyetoa franka zake za mwisho hana pa kushtaki, kwa kuwa hakuna palipoandikwa kitu. Ndiyo sababu siombi tombola ziachwe huru kabisa. Naomba ziandikwe karibu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeifanya komuni kuwa chombo chenye mamlaka yake. Basi kwa burugumesta, mkuu wa komuni, na pawepo daftari moja, kila tombola na ukurasa wake: idadi ya tikiti, bei, zawadi, siku ya kura, jina la mshika fedha, na baadaye kiasi kilichopatikana na kilivyotumika. Ada, kama lazima iwepo, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kifaransa, na mpokeaji atoe risiti yenye muhuri.

Na daftari hilo lisifungiwe kabatini. Yule mama muuza mihogo, akipita komuni siku ya soko, aweze kuomba afunguliwe ukurasa wa kura aliyoshinda, asome ni mabati mangapi yalinunuliwa, kisha aende darasani akayahesabu.