Barua ya Askofu Mkuu

Askofu Mkuu wa Kianglikana hana jeshi wala gereza. Ana kiti na sauti tu.

Nchini Uganda kiti hicho kilianza mwaka 1961, akakikalia Mwingereza, Leslie Brown. Mwaka 1966 akaja Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 1974, Janani Luwum. Februari 1977, Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akauawa; serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwenye bunduki aliogopa karatasi!

Leo Uganda huikumbuka siku hiyo kwa mapumziko. Basi, askofu mkuu mpya anaposimikwa, tusihesabu magari ya msafara. Tujiulize: siku ikifika, ataandika barua?