Mafuta Yasiporudi
Hotuba ya mkaguzi wa magari kwa waendesha pikipiki na mafundi wa Kapchorwa na Bukwo



Baada ya ajali, sisi wakaguzi huyasikia sana maneno haya: "Afande, mafuta yaligoma kurudi." Mwendeshaji ameachia mshiko wa mkono wa kulia, lakini injini imeendelea kunguruma kana kwamba hakuuachia. Katika miteremko yetu ya Mlima Elgon, abiria akiwa nyuma na gunia la viazi likiwa kwenye keria, hilo ni balaa kubwa. Wapo wanaoyasema maneno hayo kama kisingizio, wala sitalificha hilo. Wapo pia wanaosema kweli tupu. Hata hivyo, kasoro hii mara nyingi hutoa dalili siku kadhaa kabla ya ajali, na dalili hizo mwendeshaji anaweza kuzisikia kwa mkono wake mwenyewe.

Chukueni Yamaha AG 100 au DT 125, pikipiki zilizotengenezwa kwa njia za udongo. Nyingi za bodaboda zina mpangilio huohuo au unaofanana nao. Mshiko huvuta kebo. Kebo hukiinua kizibo kilichomo ndani ya kabureta, hewa na petroli zikaingia kwa wingi. Ukiachia, springi iliyo juu ya kizibo hukisukuma chini. Penye kebo moja tu, springi hiyo ndiyo peke yake inayorudisha mafuta, nayo haina nguvu za kushindana na kutu, vumbi na waya uliochanika.

Basi kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, injini ikiwa imezimwa, kata usukani wote kushoto, fungua mshiko hadi mwisho, kisha uachie. Unapaswa kurudi wenyewe kwa haraka na kugonga. Rudia usukani ukiwa katikati, kisha kulia. Halafu washa injini bila gia, ugeuze usukani pande zote mbili pasipo kuugusa mshiko. Mlio ukipanda, kebo imekazwa mno au imebanwa mahali. Mshiko uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6 hivi kabla ya kuanza kuvuta.

Mshiko ukirudi kwa uzito, chomoeni kebo kwenye mshiko. Mshiko mtupu ukizunguka kwa wepesi, chomoeni kebo upande wa kabureta pia, muuvute waya kwa mkono. Ukikwaruza ndani ya ala yake, nunueni mpya. Nyuzi huanza kukatika karibu na kile kichwa kidogo kilichofichwa ndani ya mshiko, mahali ambapo jicho halifiki. Uzi mmoja tu ukijikunja unaweza kuing'ang'ania ala na kuuzuia waya usirudi. Kuifunga nyuzi hizo kwa uzi mwingine, kama nilivyoona kwenye steji zetu, si ufundi. Tazameni pia njia ya kebo. Tangi likishushwa na kurudishwa bila uangalifu, kebo hubanwa chini yake. Jerikeni na mifuko inayoning'inizwa kwenye usukani huikunja vilevile, na hiyo ni desturi ambayo ningependa tuiache leo hii.

Mshiko ukirudi vizuri lakini injini ikabaki juu, iacheni kebo, mwelekee kwenye kabureta. Hapa nasema na mafundi. Vumbi lililopita kwenye chujio lililochanika hukwamisha kizibo. Kizibo hicho kina mfereji ubavuni na upande uliochongwa, ambao hutazama kwenye chujio la hewa. Kikilazimishwa kuingia kinyume, hakitashuka hadi chini, na pikipiki itawaka ikipiga mayowe. Kagueni pia mpira unaounganisha kabureta na injini: ukipasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na injini huchelewa kutulia. Pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa, kwa kawaida jeti yake ndogo imeziba. Izibueni kwa upepo, si kwa waya wa chuma, maana shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi.

Ikiwa mafuta yamegoma ukiwa njiani, bana klachi na uzime injini kwa swichi nyekundu, kisha ufunge breki zote mbili kwa utaratibu. Klachi itauachilia mguu wa nyuma usisukumwe na injini. Msishtuke ikinguruma zaidi kwa muda mfupi. Pasipo na swichi, zima kwa ufunguo, lakini usiuzungushe hadi mahali pa kufunga usukani. Swichi nyingi ninazozikagua ni mapambo matupu. Zijaribuni mkiwa mmesimama.

Limebaki la sheria. Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 hairuhusu kuendesha chombo chenye ubovu wa hatari. Ajali ikitokea, wahudumieni majeruhi kwanza, na pikipiki isipelekwe gereji kabla ya kukaguliwa. Nawajua wanaobadilisha kebo usiku huohuo wakidhani wanajisaidia. Kebo ile ndiyo shahidi. Waya uliokatika leo hung'aa pale ulipokatikia. Uliokatika kidogo kidogo kwa wiki nyingi una kutu na uchafu katikati ya nyuzi. Mkaguzi hutofautisha, na tofauti hiyo yaweza kumtetea mwendeshaji mbele ya hakimu, au kumweleza mwenye pikipiki aliyeombwa kebo mpya akakataa kutoa fedha.

Sasa naomba pikipiki ya kwanza katika mstari isogezwe hapa kivulini. Fundi, lete bisibisi na koleo, tuufungue mshiko wake wote waone.