PIKIPIKI YANGU YA KWANZA

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Niliagizwa niseme juu ya pikipiki niliyoinunua mwaka 2014, kwa sababu Shs. 40,000/- katika bei yake zilitoka katika mfuko wa chama hiki. Deni hilo nililimaliza zamani. Leo napenda kulipa deni la pili, nalo ni kuwaambieni ukweli.

Wakati huo nilikuwa karani mjini Mumias, nami nikikaa nyumbani upande wa Butere. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, vyombo hivyo vilikuwa vimejaa kila njia panda, na jina la boda boda, lililozaliwa kwa wenye baiskeli waliovusha watu mpakani Busia, likawa jina la pikipiki. Nikajisemea moyoni: ikiwa kijana asiyemaliza darasa la nane aweza kuiendesha, mimi niliyesoma sekondari ya misheni nitashindwaje? Hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Siku ya kwanza nilikisoma kitabu kilichokuja na chombo, tangu mwanzo hata mwisho, kisha nikapanda. Nikaachia klachi kwa ghafula. Pikipiki ikaruka kama fahali aliyeumwa na nyuki, ikanitupa katika miwa ya jirani. Watoto walicheka. Baba aligeuza uso wake asinizidishie aibu.

Kesho yake nilimwendea kijana wa boda boda, mwenye umri wa miaka 19, nikamwomba anifundishe. Alikataa fedha yangu, akaweka sharti moja tu: "Bwana Karani, ukija kwangu, kalamu iache nyumbani." Majuma matatu alinifundisha katika kiwanja cha mpira. Kwanza, kuisukuma ikiwa imezimwa, ili niujue uzito wake. Kisha kuachia klachi polepole, kama mama amwachiavyo mkono mtoto anayeanza kutembea. Kisha gia zote nne, kwa kuisikiliza mashine, si kwa kuutazama mguu. Mwisho, breki: ile ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini ukiikamata kwa ghafula juu ya changarawe, gurudumu huteleza, nawe u chini kabla hujajua. Kitabu kilikuwa kimesema hayo yote, lakini goti langu ndilo lililoyaelewa.

Nilipopata leseni nilijiona nimefika. Jioni moja mdogo wangu aliniomba ufunguo aende dukani kununua mafuta ya taa. Hakuwa amefundishwa, nami nilijua. Lakini nilikuwa nimechoka, tena niliona haya kumnyima ndugu yangu chombo kilichonunuliwa kwa fedha za watu wetu. Nikampa. Penye kona ya changarawe alikutana na trekta likivuta miwa, akaikamata breki ya mbele. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Nyote mwamjua, ndiye aliyeandika majina yenu mlangoni asubuhi hii, na mlimwona jinsi anavyochechemea. Wengine walisema ni bahati mbaya, wengine wakamlaumu mwenye trekta. Mimi namjua aliyetoa ufunguo.

Wazee wetu, vijana wetu wengi wanaomba mikopo ya pikipiki, nami siwapingi, maana ni kazi ya halali. Lakini naiomba kamati ikubali mambo matatu. Kwanza, fedha ya mafunzo na leseni itolewe kabla ya fedha ya kununua chombo. Pili, kila mkopo uwe na bei ya kofia ngumu mbili, ya mwendeshaji na ya abiria. Tatu, mkopaji atie sahihi kwamba hatapakia zaidi ya abiria mmoja, kama sheria isemavyo, wala hatampa ufunguo mtu asiye na leseni, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Najua mikopo itachelewa mwezi mmoja au miwili, na vijana watanung'unika. Na wanung'unike. Heri manung'uniko ya miezi miwili kuliko mkongojo wa maisha.