Breki Ikilalamikiwa, Anza Mkiani: Kutafuta Hitilafu za Ardhini kwenye Glaida zenye Injini



Wengi wetu tumekulia kwenye Cessna. Glaida yenye injini tumeiona kwa nadra, ingawa si ngeni kabisa katika anga letu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Mwingereza Colin Pennycuick alirusha Schleicher ASK 14 huko Serengeti, akiwafuata tumbusi wanavyopaa kwa hewa ya joto bila kupiga mbawa, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyaona. Leo sizungumzii kupaa. Nazungumzia mahali ambapo ndege hizi huwasumbua mafundi, yaani ardhini.

Mfano wangu mkuu ni Hoffmann H 36 Dimona, ya viti viwili, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1980. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 770, karibu sawa na Cessna 152. Lakini mabawa yake yanafika mita 16 kutoka ncha hadi ncha, ilhali ya Cessna 152 ni kama mita 10 tu. Ongeza mkia uliokaa mbali na magurudumu makuu, utaelewa kwa nini upepo wa ubavuni huigeuza kwa urahisi. Pua hutaka kuelekea upepo unakotoka. Kazi ya kuizuia ni ya gurudumu dogo la mkia, na hilo likishindwa, rubani hukanyaga breki ya upande mmoja.

Ndiyo maana nasema malalamiko mengi ya breki kwenye ndege hizi yana mzizi mkiani. Rubani anaandika kitabuni kwamba breki ya kulia ni dhaifu. Fundi anabadilisha pedi, anatoa upepo, anasaini. Haupiti muda, pedi za kulia zimekwisha tena na za kushoto bado nzima. Hakuna aliyeangalia kwamba springi ya kuongozea gurudumu la mkia imelegea upande mmoja, na kwamba rubani amekuwa akiiongoza ndege kwa breki kutoka bandani hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Diski ikipata joto kupita kiasi, uso wa pedi huwa laini na kung'aa, na ushikaji hupotea. Breki kweli ni dhaifu, rubani hakusema uongo. Ila imedhoofishwa.

Kutenganisha hitilafu ya breki na ya mkiani hakuhitaji kifaa cha bei. Siku isiyo na upepo, injini ikiwa imezimwa, sukuma ndege mbele kwenye sakafu tambarare bila mtu kugusa pedali. Ikivuta upande mmoja, inua mkia uuweke juu ya kitoroli chenye gurudumu linalozunguka huru, kisha usukume tena. Ikiendelea kuvuta, tafuta mbele: kalipa isiyoachia, beringi iliyokazwa mno, au tairi lenye upepo pungufu. Ikinyooka, tatizo liko mkiani. Nashangaa jaribio hili linavyorukwa, na watu wanakimbilia kufungua kalipa.

Mkiani kwenyewe, kero kubwa ni kuwayawaya: gurudumu linapigapiga kushoto na kulia kwa kasi, kama la toroli la sokoni, mpaka pedali zinatetemeka miguuni. Wengi hukaza nati ya kichwa cha gurudumu na kuondoka. Mtetemo hupungua, kisha hurudi. Pale ambapo gurudumu limefungwa kwenye springi ya bapa, tazama kwanza umbo la springi hiyo. Ikichoka na kunyooka, kingpini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia, hubadilika pembe, kichwa chake kikalala mbele, na hapo mtetemo haukwepeki. Kipimo kifanyike ndege ikiwa na uzito wa watu ndani. Ndege tupu hudanganya. Kingpini inatakiwa isimame wima au kichwa kilale nyuma kidogo. Baada ya hapo ndipo uangalie uchakavu wa beringi, upepo wa tairi, na boliti zinazoshika springi, hasa baada ya kutua kwa kishindo. Ufa kwenye springi hautengenezwi, hubadilishwa springi.

Sasa turudi mbele. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa ndani ya mfumo. Viputo hupanda juu vyenyewe, kwa hiyo kusukuma mafuta kutoka kalipa kwenda juu kwenye tangi huondoa upepo haraka kuliko kukanyaga pedali mara mia. Breki isiyoachia mara nyingi husababishwa na pistoni yenye kutu, pini za kalipa zilizokauka, au masta silinda isiyorudi hadi mwisho, ambapo kitundu cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa. Kwa breki za Cleveland, zinazotumika kwenye ndege nyingi nyepesi, kitambaa cha pedi kikifika milimita 2.54 kinatolewa.

Kuhusu mafuta, naomba tusikilizane. Kuna mifumo inayotumia mafuta mekundu ya madini ya kiwango cha MIL-H-5606, na kuna inayotumia mafuta ya breki ya gari ya aina ya DOT. Sili za mfumo mmoja haziyawezi mafuta ya mwingine: huvimba, hulainika, kisha breki hukwama au huvuja. Chupa iliyopo dukani si jibu. Jibu liko kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo.

La mwisho ni la Scheibe SF 25 Falke zenye gurudumu kuu moja katikati. Hapo hakuna breki ya kushoto wala kulia, uongozaji wote uko kwenye mkia. Kwenye nyingi kati ya hizo, breki ya gurudumu huvutwa na wenzo ule ule wa breki za hewa za mabawa, mwishoni kabisa mwa safari yake. Waya ukilegea, rubani anavuta mpaka mwisho na hakuna kitu. Ukikazwa mno, ni hatari zaidi: anayetua akiwa amefungua breki za hewa zote anagusa ardhi gurudumu likiwa limekamatwa. Kwa hiyo baada ya kuurekebisha waya huo, mtu mmoja aketi ndani avute wenzo polepole, mwingine asukume ndege, na muweke alama mahali breki inapoanza kushika. Breki za hewa ziwe zimeshafunguka zote kabla ya alama hiyo.